Vipande vinavyohama katika ADN: vina kazi ama havina?

Kila aliyesoma elimu ya viumbe hata kidogo anajua jina la Gregor Mendel, mmonaki wa shirika la Mtakatifu Agustino katika mji wa Brno. Mwaka 1866 alitoa kwa chapa matokeo ya kazi yake juu ya njegere. Kwa miaka mingi alikuwa amepanda katika bustani ya monasteri njegere zenye mbegu laini na njegere zenye mikunjo, akahesabu kwa saburi watoto wanaofanana na mzazi huyu na wanaofanana na yule. Katika hesabu hizo ndimo zilimotoka sheria za urithi.

Lakini kwa nini njegere nyingine zina mikunjo? Mendel hakuweza kujua. Jibu lilipatikana mwaka 1990 kule Uingereza. Wachunguzi waliona ya kuwa katika njegere zenye mikunjo, jeni moja inayosaidia kutengeneza wanga imeharibika, kwa sababu kipande kigeni chenye herufi 800 hivi kimeingia katikati yake. Tena kipande hicho ni ndugu ya vipande vile ambavyo Barbara McClintock alikuwa amevigundua zamani katika mahindi: vipande vya urithi visivyokaa mahali pamoja, bali vinahama. Basi, bila kujua, Mendel alikuwa akifuata nyayo za kipande kihamaji.

Leo tunajua ya kuwa karibu nusu ya maandiko ya urithi wetu imetoka katika vipande vya namna hiyo. Je, vina kazi gani? Wengine wanasema ni takataka, wengine wanasema ni wezi, wengine wanasema ndivyo vilivyojenga viumbe. Shindano hilo limedumu miaka zaidi ya 70. Inafaa sisi tulijue vizuri, kwani wanafunzi wanatuuliza, na magazeti yanawajibu upesi mno, leo hivi, kesho vile.

I. VIPANDE HIVI NI NINI?

Tukumbuke kwanza jambo lililo msingi. Mwili wa kila kiumbe chenye uhai umejengwa kwa seli. Ndani ya seli mna uzi mrefu na mwembamba kabisa, unaoitwa ADN. Uzi huo ni kama maandiko yenye herufi nne tu: A, T, G na C. Mtu hupokea kwa baba yake herufi kama milioni 3,000, na kwa mama yake vilevile. Jeni ni fungu la maandiko hayo lenye agizo fulani, kwa mfano agizo la kutengeneza protini moja. Maandiko yote pamoja tunayaita jenomu.

Zamani wasomi walifikiri ya kuwa jeni zinakaa kila moja mahali pake siku zote, kama shanga katika uzi. Barbara McClintock (1902-1992) alikuwa akichunguza mahindi katika kituo cha Cold Spring Harbor, jimbo la New York, Marekani. Huko aliona punje zenye madoa, akajiuliza sababu. Jibu lake ni hili. Punje ina jeni inayoleta rangi ya zambarau. Kipande kihamaji kikiingia katika jeni hiyo, rangi inazuiwa, na punje inabaki nyeupe. Lakini wakati punje inapokua, katika seli fulani kipande kinatoka. Hapo rangi inarudi katika seli ile na katika seli zote zinazozaliwa nayo, na ndilo doa tunaloliona. Kipande kikitoka mapema, doa ni kubwa; kikitoka kwa kuchelewa, doa ni dogo.

Mwaka 1950 aliandika habari hizo, na mwaka 1951 alizieleza mbele ya mkutano wa wasomi. Wengi hawakumwelewa, ama walifikiri ya kuwa ni mambo ya mahindi tu. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 vipande kama hivyo vilionekana katika bakteria, kiisha katika nzi, katika hamira, hata katika mwanadamu. Mwaka 1983 McClintock alipewa peke yake zawadi ya Nobel ya elimu ya mwili na uganga, naye alikuwa na umri wa miaka 81.

Vipande hivi vinahama kwa njia mbili. Njia ya kwanza: kipande kinakatwa mahali pake na kubandikwa mahali pengine. Njia ya pili: kipande kinabaki mahali pake, lakini nakala yake inaandikwa katika ARN, kiisha nakala hiyo inageuzwa kuwa ADN tena na kuingizwa mahali pengine. Msomaji aangalie vizuri njia hii ya pili, maana kila mara inapotumika, hesabu ya vipande inaongezeka.

II. HESABU ZINAZOSHANGAZA

Mwaka 2001 wasomi walitangaza kwa mara ya kwanza sehemu kubwa ya maandiko ya jenomu ya mwanadamu. Herufi zinazoagiza protini hazikufika hata 2 kwa 100. Lakini masalio ya vipande vihamaji yalikuwa karibu 45 kwa 100. Aina moja iitwayo Alu, yenye herufi 300 hivi, ina nakala zaidi ya milioni moja ndani yetu. Aina nyingine iitwayo L1 ina nakala karibu 500,000. Lakini tusidanganyike: karibu zote zimekufa. Zimeliwa na makosa ya kunakili, zimekatika, haziwezi kuhama tena. Katika mtu mmoja, nakala za L1 zenye nguvu ya kuhama bado ni 80 ama 100 hivi tu.

Tutazame viumbe vingine. Katika mahindi, sehemu 85 hivi kwa 100 za jenomu zimetoka katika vipande vihamaji. Kitunguu tunachokata jikoni kina herufi karibu milioni 16,000, yaani mara tano kuliko sisi. Kuna samaki wa baharini aitwaye fugu. Yeye ana herufi milioni 400 hivi tu, lakini jeni zake si chache kuliko zetu kwa tofauti kubwa. Kinyume chake, samaki mwenye mapafu wa Amerika ya Kusini, ambaye jenomu yake ilitangazwa mwaka 2024, ana herufi karibu milioni 91,000, mara thelathini kuliko mwanadamu. Jamaa zake wa Afrika wanaishi katika mabwawa na maziwa yetu, hata katika Tanganika, nao hujizika katika matope maji yanapokauka.

Basi ukubwa wa jenomu haufuati ubora wa mwili wala wingi wa viungo. Tofauti hizo zinatoka hasa katika wingi wa vipande vihamaji. Hapo ndipo shindano linapoanza.

III. RAI YA KWANZA: VINAJITUMIKIA VYENYEWE

Mwaka 1972 msomi Susumu Ohno alieneza jina la «ADN takataka». Mwaka 1980 makala mbili zilitokea pamoja katika gazeti la wasomi liitwalo Nature: moja ya Ford Doolittle na Carmen Sapienza, nyingine ya Leslie Orgel na Francis Crick. Mafundisho yao ni haya: kipande kinachojua kujinakili zaidi kuliko vingine kitakuwa kingi, hata kama hakiletei mwili faida yoyote, mradi kisiuue upesi. Basi si lazima kutafuta sababu nyingine ya kuwako kwake. Mkulima akiona magugu katika shamba lake, haulizi magugu yale yanaisaidia nini mihogo. Yapo kwa sababu yanajua kuota na kuenea.

Wenye rai hii wana ushuhuda wa nguvu. Tunawajua wale nzi wadogo wanaokusanyika juu ya ndizi zilizoiva sana. Katika aina moja ya nzi hao mna kipande kiitwacho P. Nzi waliokamatwa porini zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, na kufugwa katika laboratwari pamoja na uzao wao, hawana P. Lakini nzi waliokamatwa porini mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu wote walikuwa nacho. Kipande kile kilitoka katika nzi wa aina nyingine, na katika miaka michache kiliingia karibu ulimwengu mzima. Je, kilienea kwa sababu ya faida yake? Hapana. Dume mwenye P akizaa na jike asiye nacho, watoto wao mara nyingi ni tasa. Kilienea kwa sababu kinajinakili.

Katika mwanadamu vilevile. Mwaka 1988 kundi la daktari Haig Kazazian, kule Marekani, lilichunguza wagonjwa 240 wa emofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda. Katika watoto wawili waliona ya kuwa kipande cha L1 kimeingia katika jeni inayosaidia damu kuganda, na wazazi wao hawakuwa nacho mahali pale. Basi kuhama kwa kipande si maneno ya vitabu tu; kunaweza kumletea mtoto ugonjwa wa maisha yake yote.

Tena seli zenyewe zinapigana na vipande hivi. Zinatia alama za kuvifunga, na zinatengeneza ARN ndogondogo za kuvizuia. Kama vyote vingekuwa watumishi wema, kwa nini mwili unawafungia mlango?

Mwaka 2003 Michael Lynch na John Conery waliongeza sababu nyingine. Uteuzi wa asili, yaani ule unaopunguza wenye madhara na kuongeza wenye nguvu, una nguvu kubwa pale ambapo viumbe ni wengi sana, kama bakteria. Kwao hata mzigo mdogo unaondolewa. Lakini wanyama wakubwa na miti ni wachache zaidi, na kwao bahati inashinda mara nyingi. Mzigo mdogo unapita bila kuzuiwa, na mizigo midogo milioni moja inakuwa mlima.

IV. RAI YA PILI: VIMEJENGA

Tusikie sasa upande wa pili. McClintock mwenyewe hakuviita takataka. Aliviita vipande vyenye kuongoza, kwa kuwa aliona vinawasha na kuzima jeni. Mwaka 1969 Roy Britten na Eric Davidson waliandika ya kuwa maandiko yanayorudiwarudiwa katika jenomu yanaweza kuwa njia ya kuongoza jeni nyingi pamoja. Na toka hapo mifano ya faida imeonekana mmoja baada ya mwingine. Nachagua mitatu.

Wa kwanza ni kondo la nyuma, ambalo kwalo mtoto hulishwa tumboni mwa mama yake. Ili litengenezwe, seli nyingi lazima ziungane kuwa ngozi moja. Mwaka 2000 wasomi walieleza ya kuwa protini moja inayofanya kazi hiyo, sinsitini, imetoka katika virusi vya zamani vilivyoingia katika urithi wa wazee wetu. Virusi vilikuwa vikiitumia protini hiyo kwa kujishikiza katika seli. Sasa inatumika kwa kuunganisha seli. Katika panya wana sinsitini nyingine, iliyotoka katika virusi vingine. Mwaka 2009 ilionekana ya kuwa panya wakinyimwa moja ya hizo, mimba zao zinakufa.

Wa pili ni kinga ya mwili. Askari wa damu yetu wanakata na kuunga vipande vya jeni ili watengeneze silaha za namna nyingi sana kwa magonjwa wasiyoyajua bado. Mikasi wanayotumia ni protini mbili, RAG1 na RAG2. Mwaka 1998 ilionyeshwa katika laboratwari ya kuwa mikasi hiyo bado inaweza kuhamisha ADN kama kipande kihamaji, na mwaka 2016 kipande chenye jeni za ukoo mmoja nazo kilipatikana katika mnyama mdogo wa baharini. Basi kinga yetu imetoka katika kihamaji kilichofugwa.

Wa tatu ni mahindi yenyewe. Mzee wa mahindi ni jani la Meksiko liitwalo teosinte, lenye matawi mengi. Mwaka 2011 wachunguzi walionyesha ya kuwa kipande kihamaji kilichoingia mbele ya jeni moja kinaongeza nguvu ya jeni hiyo, na kwa hiyo mmea unasimama kwa shina moja badala ya kutawanya matawi. Kadiri ya hesabu zao, kipande kile kilikuwa kimeingia miaka zaidi ya 10,000 kabla ya watu kuanza kulima mahindi. Wakulima wa kale walikikuta kimekwisha kuwako, wakachagua mimea iliyokuwa nacho.

Mwaka 2012 kundi kubwa la wachunguzi, liitwalo ENCODE, lilitangaza ya kuwa sehemu 80 kwa 100 za jenomu ya mwanadamu zina kazi. Magazeti mengi yalipiga mbiu: takataka zimekwisha!

V. TUTENGANISHE MASWALI

Ni nani mwenye haki? Mwanafunzi wa filozofia amefundishwa ya kuwa, kabla ya kujibu, inafaa kutenganisha. Neno «kazi» lina maana mbili hapa, na ubishi mwingi umetoka katika kuzichanganya.

Moyo husukuma damu, tena hutoa mlio. Yote mawili moyo huyafanya kweli. Lakini kusukuma damu ndiyo kazi yake; mlio ni jambo linalofuata tu, hata kama mganga anaufaidia kwa kumpima mgonjwa. ENCODE walihesabu kuwa kazi kila mahali ambapo jambo fulani linatendeka: herufi zinanakiliwa katika ARN, ama protini inashika ADN. Dan Graur na wenzake waliwapinga kwa ukali mwaka 2013: huko ni kuhesabu milio pamoja na kazi. Mwaka 2014 wachunguzi wa Oxford walipima kwa njia nyingine. Walitafuta ni sehemu gani za jenomu ambamo makosa yanaondolewa na uteuzi wa asili, kwani kitu cha lazima hulindwa. Walipata karibu 8 kwa 100 tu. Tena Ryan Gregory alikuwa amekwisha kuuliza swali jepesi mwaka 2007: anayesema herufi zetu zote ni za lazima, atueleze kwa nini kitunguu kinahitaji mara tano kuliko mwanadamu.

Basi rai ya pili imeanguka? Hapana. Kondo la nyuma na kinga ya mwili ni kweli tupu. Lakini tuangalie mfano huu. Katika Katanga watu wengi hufyatua matofali kwa udongo wa kichuguu, maana ni udongo mzuri. Nyumba imesimama, wala hakuna anayebisha ya kuwa kichuguu kimeijenga. Lakini mchwa hawakujenga kichuguu ili sisi tupate matofali. Walijijengea wenyewe. Na ingawa kichuguu kimoja kimekuwa nyumba, vichuguu elfu vilivyobaki porini havikuwa nyumba kwa sababu hiyo.

Ndivyo ilivyo katika jenomu. Juu ya kila kipande tuulize maswali matatu, mbalimbali. Kwanza: kimekuja namna gani? Mara nyingi jibu ni kwamba kimejinakili chenyewe. Pili: kinafanya nini sasa? Vingi kabisa havifanyi kitu cha maana, vingine vinadhuru, vichache vimepewa kazi kubwa. Tatu: kwa nini kinabaki? Vingine vinalindwa kwa faida yake. Lakini vingi vinabaki tu kwa sababu hakuna nguvu ya kutosha ya kuviondoa. Jibu la swali moja halitoshi kwa swali lingine. Anayeonyesha faida ya kipande kimoja hajaonyesha kwamba kilikuja kwa ajili ya faida hiyo, wala kwamba ndugu zake milioni wana faida.

Hivi ubishi unaobaki leo ni wa kipimo hasa. Wengine, kama vile James Shapiro wa Chicago, wanasema ya kuwa kuhama kwa vipande ni chombo cha viumbe cha kujigeuza. Wengine wanajibu: uteuzi hauoni kesho, hauwezi kutunza leo kitu kinachodhuru kwa kungojea faida ya baada ya miaka milioni moja. Wote wawili wanakubali ya kuwa vipande vimebadilisha viumbe sana. Wanabishana kama tuseme vipo kwa ajili hiyo.

VI. NENO KWA WANAOFUNDISHA

Shindano hili limevutwa mara nyingi nje ya mipaka yake. Mwaka 2012 watu wengine wanaokataa mageuzi ya viumbe walishangilia ile hesabu ya 80 kwa 100, wakisema Muumba hafanyi takataka. Miaka miwili kiisha hesabu nyingine ilitoka, nao waliokuwa wamewafundisha watoto hivyo walibaki na neno la kueleza. Upande wa pili wako wanaosema: jenomu imejaa takataka, basi hakuna Muumba. Hao nao wanaruka mto bila daraja. Kuhesabu herufi kunaweza kutuonyesha ni sehemu gani inalindwa na ni sehemu gani hailindwi. Hakuwezi kujibu kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwa na kitu.

Kwa hiyo katekista asijenge somo lake juu ya hesabu inayobishaniwa bado, hata ikimpendeza. Mtoto aliyefundishwa ushuhuda dhaifu, siku atakapouona umevunjika, atatupa pamoja nao mambo yaliyo imara. Na mwanafunzi akija na gazeti mkononi kuuliza kama vipande vihamaji vina kazi ama havina, tusimjibu ndiyo wala hapana. Tumwulize sisi: kipande gani, katika kiumbe gani, nao waliochunguza walipima kitu gani? Kiisha tukae naye tusome.